Maji Safi Chini ya Kabati

Masjala, 11 Februari

Bibi mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na cherehani yako na wateja wako wasiojua vipimo vyao wenyewe. Mimi sijambo. Huku mvua zimewahi. Paa la chumba changu limeanza kunisalimia kwa matone, lakini nimekihamisha kitanda na sasa tunaelewana.

Kwanza habari za dada. Alinipigia simu jana. Mimba inaendelea vizuri na anatazamia kujifungua mwanzoni mwa Julai. Shemeji yuko njiani na lori lake kama kawaida, leo mpaka huu kesho ule, kwa hiyo dada anaomba aje kujifungulia kwako, kama marehemu mama alivyokuja kutuzaa sisi wawili. Kaniomba nikuandikie kwa sababu akikupigia simu unasikia neno moja na kujibu jingine. Usinikasirikie, hayo ni maneno yake.

Sasa habari yangu, na ni ya furaha. Kwenye kona ya masjala yetu, nyuma ya rafu za mafaili, kuna kabati la chai. Sisimizi walikuwa wamelifanya lao. Mpiga chapa wetu, dada mmoja mwenye ulimi, alizoea kusema kwamba humu ndani peke yake ndimo mtu anamokunywa chai na nyama. Nikalikumbuka kabati lako. Nikatafuta makopo ya maziwa, nikayajaza maji safi ya bomba, nikasimamisha kila mguu wa kabati ndani ya kopo lake. Asubuhi yake hakukuwa na sisimizi hata wa dawa. Mkuu wa masjala, mzee asiyesifu hata mvua baada ya kiangazi, alisimama akatazama, akasema, "Kijana, umelelewa." Bibi, nilijiona nimepandishwa cheo. Sasa wananiita Bwana Makopo. Kila asubuhi naongeza maji yasikauke, kisha ndiyo nafungua mafaili.

Nijibu kuhusu dada.

Mjukuu wako akupendaye.


Nyumbani, 27 Februari

Mume wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani, ya pili kwa raha. Mwandiko wako ni ule ule, umesimama kama askari kwenye gwaride. Nimemwonyesha kila mteja aliyeingia, hata aliyekuja kudai gauni lake.

Mwambie dada yako nyumba ni yake. Nimeanza kushona nguo za mtoto kwa vipande vinavyobaki mezani. Vingine vina maua na vingine mistari, mtoto atafanana na bustani. Atalala chumba cha nyuma, kile chenye kabati la vyakula, ndicho chenye baridi.

Na hilo la makopo, mume wangu, umenifuta machozi. Watu husema mtoto akienda shule anamsahau aliyemwosha pua. Kumbe wewe unakumbuka mpaka miguu ya kabati langu! Mama yangu alikuwa akisema usafi wa mwanamke usiutafute kwenye paji la uso wake, utafute chini ya kabati lake. Tangu nimeolewa, sisimizi hajavuka maji yangu. Majirani nao nimewafundisha, hata huyu wa ukuta wa pili ambaye uchafu wake unajulikana mpaka na kuku. Nilimpelekea makopo mwenyewe nikamwambia, "Chukua, nawe uonekane mtu." Alinuna, lakini akayaweka.

Hicho kichwa usikiache kitonewe na maji. Nunua turubai.

Mke wako wa kwanza, na mwambie huyo mpiga chapa kwamba nafasi imejaa.


Masjala, 20 Aprili

Bibi mpendwa, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi. Utaona pia kwamba safari hii nimeipiga barua kwa mashine. Ofisi imeleta mpya na tunahimizwa tuizoee.

Mimi ni mzima. Mwezi uliopita nilipata homa kidogo, ikapita. Turubai nimenunua. Dada ni mzima, anasema mtoto anacheza sana, hasa akila. Shemeji ameahidi kuwa nyumbani mtoto akizaliwa, ila unamjua, ahadi zake nazo husafiri kwa lori. Bei ya nyuzi huku imepanda, sijui huko. Mpiga chapa anakusalimu, anasema ataisubiri nafasi itakapotokea.

Bibi, kitu kidogo tu. Ukipata nafasi, yamwage yale maji kwenye makopo ya kabati. Hapana haraka, lakini itakuwa vizuri dada akikuta yameshamwagwa. Chandarua cha chumba cha nyuma kama kimetoboka nijulishe, nitaleta kingine.

Nakutakia kazi njema.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 6 Mei

Mume wangu, marahaba, kama bado ni wewe.

Nilipofungua bahasha nilidhani nimeandikiwa na serikali. Nikamwita jirani anisomee kama nadaiwa kodi ya kiwanja. Hata jina lako chini umelipiga kwa mashine! Mtu akikuandikia kwa mashine ni kwamba ana haraka, au ana jambo. Wewe una lipi?

Na hiyo homa kidogo iliyokunyamazisha mwezi mzima ni ya namna gani? Homa kidogo mtu anaandika akiwa kitandani.

Sasa hilo la maji. Sikulielewa, nikaacha likae usiku mmoja, asubuhi bado sikulielewa. Maji yangu yana nini? Nayatazama kila siku, yanang'aa, unaweza kujionea uso ndani yake. Ama huyo mkuu wako wa masjala amekwambia ni ushamba? Ulipokuwa unasifiwa nilikuwa bibi yako, sasa umezoea kiti cha kuzunguka unanitumia amri ya usafi, tena katikati ya habari za nyuzi na za lori, kama mtu anayeficha dawa ndani ya uji. Mimi niliyekutoa funza miguuni!

Mbu wanatoka mitaroni na kwenye majani. Mtaro wangu haunuki. Chandarua kizima.

Siku hizi sindano inanikimbia kidogo, ni uzee, usiandike kuniuliza. Nguo za mtoto zimefika kwenye mikono.

Bibi yako.


Masjala, 19 Mei

Bibi yangu, shikamoo, na nisamehe.

Niko salama. Dada naye yuko salama, uzito unaongezeka na maneno yanaongezeka. Ameanza kufunga mizigo, ataondoka wiki ya pili ya Juni.

Umeniuliza, basi nikujibu. Si kuizoea mashine, Bibi. Naandika kwa mashine kwa sababu vidole vyangu haviwezi kushika kalamu.

Mwezi wa Machi nilikuwa napanga mafaili, nikasikia baridi katikati ya joto. Nilipofika nyumbani nilikuwa nawaka. Asubuhi sikuweza kushuka kitandani. Si udhaifu, Bibi, ni viungo. Vifundo vya miguu, magoti, viganja, kila penye kiungo palikuwa kama pamepigiliwa msumari. Ngozi ikaota vipele. Nilidhani ni malaria, kipimo kikasema hapana. Daktari akaniambia ni chikungunya. Ni virusi, na mbu ndiye anayevichukua kwa mgonjwa mwenye homa na kuvitia kwa mwingine. Dawa ya kuviua hakuna. Unapumzika, unakunywa maji mengi, unameza vidonge vya maumivu alivyokuandikia yeye, usijinunulie vingine, na unasubiri. Homa ilikwisha upesi. Maumivu yaligoma kuondoka. Wengi huachana nayo baada ya wiki kadhaa, wengine hukaa nayo miezi. Mimi ni wa hao wengine.

Sikukwambia kwa sababu naona aibu, na najua kuona aibu kwa ugonjwa ni upumbavu. Lakini asubuhi napanda ngazi za ofisi kwa kushika ukuta. Juzi mzee mmoja aliyekuja kufuatilia pensheni yake alinishika mkono akaniambia, "Twende taratibu, mzee mwenzangu." Watu walicheka, nami nikacheka. Vifungo vya shati hunifungia mama mwenye nyumba, naye hutazama pembeni ili nisione kwamba ananionea huruma. Muhuri nashindwa kuugandamiza, mpiga chapa ananisaidia. Naye aliugua pia, lakini alipona mapema, anachechemea tu mvua ikinyesha. Kuna wenzetu idara ya pili hawataki kunipa mkono, wanadhani unaambukiza kwa kushikana. Hauambukizi hivyo. Nimewaeleza mpaka nimechoka.

Daktari alisema mambo mengine ambayo naomba uyasome polepole. Mbu huyu si yule wa usiku. Huyu ana madoadoa meupe miguuni na anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Na hazaliwi mtaroni. Anapenda maji yaliyotulia, tena masafi, karibu na watu. Mitungi, vyungu vya maua, matairi, ndoo zisizofunikwa, na vyombo vingine vya namna hiyo. Hutaga ukingoni mwa chombo na mayai hunata pale hata maji yakikauka, kwa hiyo kumwaga hakutoshi, lazima usugue.

La mwisho. Mama akishikwa na homa hii siku za kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa nayo, na kwa kichanga ni mbaya sana. Redio inasema iko kwenye miji mingi sasa.

Nakuomba tena lile nililokuomba. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 3 Juni

Marahaba.

Pole kwa ugonjwa. Jikande kwa maji ya uvuguvugu.

Mwambie dada yako asije. Nina kazi nyingi, nyumba imejaa vitambaa, sina nafasi ya mgonjwa wala mzazi. Hapo alipo kuna hospitali. Nguo za mtoto nitamtumia.

Bibi yako.


Masjala, 10 Juni

Bibi, shikamoo.

Sina habari za kukusimulia leo ila moja. Nilimsomea dada barua yako kwenye simu. Nilianza kuilainisha akaniambia, "Isome kama ilivyo." Nikaisoma. Akauliza, "Nimemkosea nini?" Alikuwa ameshaaga majirani. Sasa nimemwambia aje kwangu, chumba ni kimoja lakini mama mwenye nyumba amekubali nilale ukumbini kwake. Kila akinipigia simu anarudia lile swali. Mimi ndiye ninayejua jibu, au nadhani ninalijua. Hukumkataa yeye. Umenikataa mimi, kwa barua zangu mbili.

Basi nikwambie lililobaki, kwa sababu kukuficha kumenifikisha hapa.

Katikati ya Aprili nilirudi kazini. Ofisini kwetu walikuwa wameugua karibu wote wanaokunywa chai kwenye ile kona, mkuu wa masjala, mpiga chapa, hata tarishi. Akaja bwana afya kukagua. Alipanda kwenye mifereji ya paa, akageuza matairi uani, akainua vyungu vya maua mlangoni. Hakuona kitu. Akaingia masjala kuomba maji ya kunywa. Alipokuwa anakunywa macho yake yakashuka chini ya kabati.

Akapiga magoti. Akatoa upawa wake mweupe, akachota kwenye kopo moja, akauinua dirishani tuone. Bibi, maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi, wengi, wanapinda na kunyooka. Maji yale yale niliyokuwa nikiyaongeza kila asubuhi kabla ya kufungua mafaili, sikuwahi kuyamwaga hata mara moja, nikiona ndiyo bidii.

"Nani fundi wa hivi vitu?" akauliza.

Mpiga chapa akasema, "Bwana Makopo," na hakukusudia ubaya, ndilo jina langu.

Mkuu wa masjala alikuwa ameegemea meza kwa viganja viwili kwa sababu magoti yake hayajapona. Akanitazama. Akasema, "Na kweli umelelewa."

Wakacheka wote. Walikuwa wameteseka, walikuwa na haki ya kucheka. Lakini aliyechekwa si mimi, Bibi. Aliyechekwa ni aliyenilea.

Ningeweza kuvumilia hata hilo. Ila bwana afya aliniuliza, kwa upole kabisa, "Nani alikufundisha, kijana?" Alitaka kujua kama nyumbani kwetu tunafanya hivyo, ili atuelimishe. Nami nikajibu, "Hakuna. Niliona tu mahali."

Nilikukana. Mbele ya kabati, mbele ya watu, nikakufanya "mahali".

Ndiyo sababu sikuweza kuandika neno kopo katika ile barua ya ugonjwa. Nilikuorodheshea mitungi na matairi na vyungu, nikazunguka kama mtu anayelikwepa kaburi. Niliogopa ukijua, utajua pia kwamba nilikuonea haya. Na wakati mimi nalinda heshima yangu, dada alikuwa anafunga mizigo kuja kulala kando ya kabati lako.

Nikasirikie mimi. Yeye mwandikie hata mstari mmoja.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 26 Juni

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Barua hii anaiandika binti wa jirani wa ukuta wa pili, mimi nikisema naye akiandika, kwa hiyo ukiona neno zuri ni lake. Nimemkataza kucheka. Anacheka.

Nawe umenificha, nami nimekuficha. Tulipiga chenga sote wawili, mpira ukaenda nje.

Barua yako ya mashine iliponifikia nilikuwa nimeshaugua. Mwisho wa Aprili, nikiwa napima mteja mabega, utepe ukaniponyoka, nikaona chumba kinazunguka. Homa ikaja, ikaondoka, ikaniachia mikono hii ambayo haiwezi kutia uzi kwenye tundu la sindano. Nikajiambia ni uzee. Na wewe nikakwambia ni uzee. Zile barua zangu mbili za mwisho niliziandika kwa ngumi. Hukuuona mwandiko? Ulikuwa na aibu zako, hukuona.

Ilipofika ile barua ya ugonjwa wako niliisoma polepole kama ulivyotaka. Mitungi, nikasema sina. Matairi, sina. Vyungu vya maua, sina. Maji masafi, yaliyotulia, karibu na watu. Hapo nikaiweka barua chini. Mjukuu mwoga nimemlea mwenyewe, anapotaja kila kitu isipokuwa kimoja, nakijua hicho kimoja.

Nikachukua tochi, nikalala kifudifudi chumba cha nyuma. Nilikuwa natazama yale maji kutoka juu, nikiwa nimesimama, na miwani ya kushonea. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaita kung'aa. Kutoka chini niliwaona, wanapinda na kunyooka kama ulivyosema. Nikasikia na mbu mwenyewe ananiuma shingoni, saa nne ya asubuhi, bila haya.

Nilimwaga, nikasugua kwa mchanga mpaka makopo yakatoboka. Lakini waliokwisha kuruka walikuwa wamo ndani, kwenye mapazia, chini ya meza, ndani ya vitambaa. Ningemleta mtoto wa mwanangu na tumbo lake humo? Nikaandika asije. Sababu sikuandika. Mkono ulifika hapo ukagoma, na safari hii si kwa maumivu. Kuwaambia kwamba mimi, mimi ninayewahukumu watu kwa makabati yao, nafuga wadudu kando ya kitanda cha mzazi! Nilipenda dada yako aniite mkali kuliko aniite mchafu. Ukali nimeuzoea, watu wananisalimia nao.

Nimekuwa nikilala na hilo neno lake, "Nimemkosea nini?", tangu barua yako ifike. Hajanikosea kitu. Mwandikie hivyo. Hapana, usimwandikie, mwambie kwa mdomo, mbele ya uso wake.

Sasa sikiliza habari. Unakumbuka makopo niliyoyagawa mtaani? Nilifunga kanga kiunoni, nikachukua fimbo, nikaanza nyumba hadi nyumba kuwaambia wamwage. Ya kwanza nikaenda ile ngumu kuliko zote, ukuta wa pili, kwa mama wa huyu mwandishi wangu. Nikasimama mlangoni nikasema, "Jirani, yale makopo niliyokuletea yanazaa mbu. Kwangu yamezaa. Nimekuja kukuomba uyamwage."

Akaniangalia. "Wewe umekuja kuniambia mimi kwamba nyumba yako ina wadudu?"

"Ndiyo."

"Subiri," akasema, "nikuletee kiti. Habari kama hii haisikilizwi wima."

Nikakaa. Akanipeleka kwenye kabati lake. Makopo yalikuwa makavu, yana vumbi. Hakuwahi kutia maji ila siku anaposikia sauti yangu njiani. Nyumba yao hakuna aliyeugua! Amecheka mpaka amekaa chini. Nami, mume wangu, nilitaka ardhi ipasuke, haikupasuka, basi nikacheka naye. Sasa ndiye anayenifunga kanga na kunipikia, na kila akiingia huinama kutazama chini ya kabati, akisema, "Nakagua tu, Mama Usafi."

Kabati sasa nimelisimamisha kwenye majivu makavu. Jaribu nawe.

Na lile la kunikana. Nimelifikiria. Liliniuma, sitakudanganya. Kisha nikakumbuka kwamba jirani alipoona nachechemea, kabla sijaenda kumwambia, aliniuliza kama ni homa ya mbu. Nikamjibu mbu wanapatikana kwake. Kwa hiyo wewe ulinikana mimi, na mimi nilimsingizia mtu mwingine kabisa. Damu ni moja.

Mke wako, kama bado unanitaka na vidole hivi.


Masjala, 15 Julai

Bibi yangu, shikamoo.

Huu ni mkono wangu. Askari wa gwaride wamelewa, lakini wote wamefika. Mstari mmoja, napumzika, kisha mwingine.

Dada amejifungua hospitalini juzi. Ni msichana. Mama hana homa, mtoto hana homa. Nimeshakagua kila ndoo na kila kifuniko cha chupa uani hapa, mpaka mama mwenye nyumba anauliza nimepoteza nini. Shemeji yupo, amekuja na lori zima, limeziba njia. Mtoto amevalishwa lile gauni lako la maua upande mmoja na mistari upande wa pili. Mishono ya mkono wa kushoto imepinda. Dada aliitazama sana hiyo mishono. Nilikuwa nimemwambia yote kwa mdomo, mbele ya uso wake, kama ulivyoniagiza. Alisema, "Kumbe alinifukuza kwa kunipenda? Mwambie siku nyingine anipende kwa lugha ninayoijua." Kisha akalia kidogo, kisha akataka supu. Atakuja kwako akipata nguvu. Anasema utampa nafasi utake usitake.

Leo ofisini niliinama kona ya chai na kopo la majivu. Wote wakaacha kazi. Mkuu wa masjala akauliza, "Bwana Makopo, nini tena hicho?"

"Majivu, mzee. Makavu."

"Hiyo nayo uliiona mahali?"

Nilihisi uso unawaka kama siku ile. Nilikuwa nimepiga magoti, na unajua sasa nikipiga magoti siinuki haraka, kwa hiyo hakukuwa na pa kukimbilia.

"Hapana," nikasema. "Ni bibi yangu. Ni mshonaji. Ndiye aliyenifundisha, na yale ya maji pia alinifundisha yeye, naye aliugua kama sisi."

Mkuu akanipa mkono niinuke, ingawa magoti yake ni mabovu kuliko yangu, tukawa wawili tunaoyumba. Mpiga chapa akainama kutazama mguu wa kabati.

"Msalimie sana," akasema. "Mwambie sisimizi wanavuka."

Kweli wanavuka, Bibi. Tunapuliza kwanza, kisha tunakunywa.

Mjukuu wako, uliyemlea wewe.